Ufunguo Nilioukata Vipande Vinne

Jumapili, tarehe 3 Machi

Nyumba imetulia. Mke wangu, ambaye kwa jinsi anavyotoa na kunyima nafasi ya kusema humu ndani namwita Spika, ameenda kumtazama mgonjwa. Mama Mkwe amejipumzisha chumbani kwake. Kompyuta iko peke yake kwenye kona ya meza ya chakula, imefunikwa kitambaa chake cha maua. Nafasi ya namna hii haiji kila siku.

Mpango: kuiongezea kasi. Mama Mkwe analalamika kwamba akibonyeza herufi, herufi inakuja kwa kujivuta kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Yeye ni mkunga mstaafu. Mwaka wa pili huu anaandika kitabu cha watoto aliowapokea na mama zao. Kurasa mia tatu na kumi na mbili! Kwa vidole viwili, miwani juu ya miwani, bila daftari, yote kutoka kichwani. Jumamosi anakipeleka kwa mpiga chapa. Akikosa Jumamosi, foleni ni miezi minane. Na miezi minane ya kuchezea hana: waliosoma ukunga pamoja walikuwa ishirini, wamebaki wanne, na anataka wakisome macho yao yangali yanaona.

Umebaki ukurasa mmoja tu. Ukurasa wa shukrani. Nataka niwe wa kwanza kutajwa. Kwa dalili zote wa kwanza atakuwa shemeji yangu, mdogo wake Spika, mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta. Watu wanamwita Injinia. Anatembea kama yeye ndiye aliyeleta umeme duniani.

Basi nimetazama video. Bwana wa kwenye video alisema zima, washa, shikilia kitufe fulani, ingia kwenye mipangilio ya ndani, badilisha hiki na kile. Nimebadilisha hiki. Nimebadilisha kile. Nimebadilisha na vingine viwili ambavyo hakuvitaja, maana akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Imewaka. Skrini ya bluu tupu! Maandishi meupe yanasema diski imefungwa, niweke ufunguo wa kurejesha, tarakimu arobaini na nane. Nimeduwaa. Kisha nikacheka peke yangu, kwa sababu aliyeifunga diski hiyo ni mimi mwenyewe. Mwaka jana Injinia alikuwa akija hapa anaigusagusa kompyuta bila kuniomba. Ndipo nikaisimba diski nzima, ili hata mtu akiichomoa na kukimbia nayo asisome hata nukta. Injinia akaomba walau aweke nakala ya kitabu kwenye flashi. Nikakataa. Nakala ni mlango wa pili, nilimwambia, na nyumba salama ina mlango mmoja.

Na ufunguo niliutunza ipasavyo. Niliukata vipande vinne vya tarakimu kumi na mbili, nikavitawanya mahali pane tofauti, karatasi nikaichoma moto. Hata ningefungwa kamba na kutekenywa nyayo, nisingeweza kuusema wote.

Sasa ninahitaji kuusema wote.

Mama Mkwe ameamka, akapita mezani, akaitazama ile bluu. Akauliza kama kuna shida, na kama kuna namba yoyote ninayoitafuta. Nimemwambia hakuna, Mama, inapumzika. Akasema haya. Nikaifunika kitambaa.

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kipande cha kwanza kiko kwenye pochi yangu. Ni kona ya juu ya ile karatasi, niliyoikata kabla ya kuchoma. Tarakimu kumi na mbili, na juu yake herufi na namba nyingine zisizoeleweka. Nadhani ni jina la kiwanda cha karatasi.

Kipande cha pili kiko kwa fundi cherehani. Hapa lazima nijisifu. Tarakimu kumi na mbili, ukizikata mbilimbili, ni vipimo sita vya suruali. Nilimwambia fundi aandike kwenye daftari lake la wateja, asishone, nitaleta kitambaa siku yoyote. Nani ataiba vipimo vya suruali ya mtu?

Nimetoka ghalani (mimi ni karani wa ghala la rangi) nikaenda moja kwa moja dukani kwake. Fundi aliponiona akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza afya inaendeleaje. Nikasema nzuri. Akasema Mungu ni mwema. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakaniangalia kiunoni.

Daftari halipo! Lilijaa, na kurasa zake amezitumia kukatia ruwaza za mikono ya mashati. Lakini akasema nisihofu, suruali ipo tayari tangu mwaka jana. Kumbe Spika alipita hapo akaacha kitambaa kizuri cha kijivu, akamwambia anishonee kwa vipimo vilivyo daftarini, anataka kunishangaza. Fundi akashona. Alipomaliza akaona haya kuitoa.

Ameitoa leo. Mimi mwenyewe nimeona haya. Nikaomba tepu ya kupimia. Kiuno sabini na tatu. Urefu tisini na nne. Paja hamsini na nane. Goti tisini na moja! Ncha ya mguu ishirini na saba. Magotini naweza kubeba viazi vya wiki nzima, kila upande. Nyonga, iliyokuwa ya pili daftarini, tisini na sita, na hapo fundi akakiri kwamba kipimo hicho alikibadilisha kwa huruma, maana daftarini kilikuwa thelathini na tatu, na mtu wa nyonga thelathini na tatu hapiti mlangoni kwa miguu yake, anabebwa. Nikamuuliza ana hakika ni thelathini na tatu? Akasema hawezi kusahau, amemsimulia kila mteja tangu siku ile. Wateja wa kwenye benchi wakasema kwa pamoja: thelathini na tatu.

Kwa hiyo siri yangu imehifadhiwa na mtaa mzima. Sijui nifurahi au nilie.

Spika ameikuta suruali kitandani. Ameiinua, ameigeuza, ameiweka chini. Akauliza nani alinipima. Nimesema nilijipima mwenyewe. Akasema kikao kimeahirishwa, na akatoka.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Kipande cha tatu: Shangazi, dada yake marehemu baba. Nilimpa kama namba ya simu. Nikamwambia ni ya mtu mkubwa sana serikalini, aiweke kwenye simu yake, asimpigie kamwe, siku nikipata matatizo nitamwomba. Tarakimu kumi na mbili zinafanana kabisa na namba ya mtu mkubwa.

Nimefika kwake saa kumi jioni. Alikuwa anaongea na simu, akaniashiria nikae. Akaongea nusu saa juu ya maumivu ya magoti, ya kwake na ya huyo aliye upande wa pili. Alipokata akaniambia, kwa macho ya chini, kwamba alikuwa akizungumza na yule mtu wangu mkubwa.

Nikashtuka. Nikamuuliza mtu mkubwa yupi.

Akaeleza bila haraka. Mwaka jana alichoka kukaa na namba ya mheshimiwa bila kumsalimu, si adabu. Akapiga. Ikagoma. Akapiga tena, ikagoma. Akahisi kwamba mimi, kwa haraka zangu za tangu utotoni, nimezidisha tarakimu. Akafuta ya mwisho. Ikagoma. Akafuta nyingine. Ikaita! Akapokea mzee mmoja mwenye sauti nzuri, mfuga nyuki mstaafu, mjane. Tangu hapo wanazungumza kila siku saa kumi. Shangazi hata haoni kwamba si mtu wa serikali. Anasema wakubwa wakistaafu wote hufuga nyuki.

Nimemwomba akumbuke tarakimu mbili alizozifuta. Akanikaripia. Nani anakumbuka takataka aliyoitupa? Kisha akaniuliza, mwanangu, hivi mtu kama huyo akija kujitambulisha nyumbani, utampokea wewe kwa niaba ya baba yako? Nimesema nitampokea. Ningesema nini? Nimeondoka na tarakimu kumi badala ya kumi na mbili, na huenda na bwana wa Shangazi.

Nyumbani Mama Mkwe alikuwa amekaa mbele ya kompyuta iliyofunikwa, mikono miwili juu ya kitambaa, anatikisa midomo. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anarudia majina ya wale wa mwaka wake wa kwanza kazini, kwa mpangilio wa kuzaliwa kwao. Alipokuwa akiyaandika yalikuja yote. Leo yamekuja tisa, la kumi limekataa. Akasema si kitu, limo kitabuni.

Nimeona aibu ya kweli. Nimeingia bafuni nikafungulia maji bila kuoga.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Kipande cha nne ndicho kilichokuwa fahari yangu. Kimechorwa kwa msumari ndani ya mfuniko wa sanduku la vifaa la Injinia, kibandani kwake. Nilikichora siku aliyoniachia kibanda akaenda kunywa chai. Adui atapekua kila mahali, lakini hatapekua kwake mwenyewe!

Mpango wa leo: nimebeba redio mbovu. Nikamwambia Injinia kuna mteja anamwita ng'ambo ya barabara. Akatoka. Nikafungua sanduku. Ndani ya mfuniko, tangu siku ile, amebandika picha za timu yake, tabaka juu ya tabaka. Nikaanza kubandua kwa kucha. Golikipa alitoka vizuri. Mabeki walikataa. Nikaingiza kichwa sandukuni nipate kuona vizuri.

Injinia akasema nyuma yangu kwamba ng'ambo ya barabara hakuna mtu.

Nilikuwa na njia mbili tu, ama nionekane mjinga ama nionekane mwizi. Nikafikiri kwa haraka. Nikachagua mwizi. Nikasema shemeji, nisamehe, nilikuwa naiba bisibisi.

Hakukasirika! Hilo ndilo lililonimaliza. Alinitazama kwa huruma, akasema maisha yamekuwa magumu kwa kila mtu, akanichagulia bisibisi nzuri yenye mpini mwekundu, akaifunga kwenye gazeti, akanipa. Akasema Spika hatajua. Nikashukuru. Nikaondoka na bisibisi na redio mbovu. Nimefika hadi kwenye kona ndipo nikakumbuka kwamba kilichonipeleka ni tarakimu.

Nimesimama pale kwenye kona muda mrefu, watu wananipita. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi mgongo wangu haujazoea kuinama mbele ya Injinia. Lakini nilimkumbuka Mama Mkwe na lile jina la kumi. Nikarudi. Nikamweleza yote, video, bluu, suruali, nyuki.

Hakucheka. Akauliza kwanza nakala ya kitabu iko wapi. Nikaitazama redio. Akakumbuka mwenyewe habari ya mlango mmoja. Ndipo akacheka. Amecheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza akafuta macho, akabandua timu nzima kwa maji ya moto, akanakili tarakimu, akasema kitabu ni cha mama yake pia na kesho hafungui kibanda. Akaniomba nirudishe bisibisi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Sababu: msiba wa kifamilia ambao bado haujatokea.

Mama Mkwe alikuwa kliniki ya macho na Spika. Tukawa na kompyuta mimi na Injinia. Sitaki kumsifu, lakini anajua mambo fulani. Anasema tarakimu arobaini na nane zimegawanywa makundi manane ya sita sita, na kila kundi lazima ligawanyike kwa kumi na moja bila baki. Ukikosea kundi, kompyuta yenyewe inakataa papo hapo. Nikamuuliza kwa nini kumi na moja. Akasema ndivyo ilivyo. Kumbe naye hajui! Nimefarijika kidogo.

Makundi ya pochi yakakubali. Kundi la kwanza la suruali likakataa. Sabini na tatu, thelathini na tatu, tisini na nne. Injinia akapiga hesabu, haigawanyiki. Nikampigia fundi. Akakana, akaapa. Nikamwambia ni jambo la kufa na kupona. Akakiri kwamba kiuno huwa anaongeza sentimita mbili kwa kila mteja aliyeoa, ni kanuni yake tangu ajifunze kazi, hajawahi kulaumiwa. Basi ni sabini na moja! Ikakubali. Nikamkumbatia Injinia, kisha tukaachiana haraka.

Zile tarakimu mbili za Shangazi, kwa kanuni hiyo hiyo ya kumi na moja, zikabaki uwezekano wa jozi tisa tu. Vipande vyote vinne mkononi. Cha kwanza kinajulikana ni cha pochi. Vitatu vilivyobaki sikukumbuka mpangilio wake. Niliogopa ni maelfu. Injinia akasema ni njia sita, basi. Sita mara tisa, hamsini na nne. Akaandika zote kwenye karatasi, tukaanza, yeye anasoma, mimi nabonyeza.

Hamsini na nne. Zote hamsini na nne! Kila kundi inalikubali kwa adabu, na mwisho inasema ufunguo si huu. Kidole changu cha shahada kimevimba.

Injinia akauliza kama nimelinganisha kitambulisho. Nikamuuliza kitambulisho cha nani, cha kwangu kimeisha muda. Akasema cha ufunguo. Akanionyesha chini ya skrini mstari wa herufi na namba, akasema kila ufunguo una kitambulisho chake, na lazima kifanane na kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya ufunguo. Akachukua ile kona yangu ya pochi. Yale niliyodhani ni jina la kiwanda cha karatasi ndiyo kitambulisho. Havifanani hata kwa herufi moja.

Nilichanganyikiwa. Ufunguo wangu si wangu? Injinia akaniuliza siku ile nilifunga nini na nini. Nikafikiri mpaka kichwa kikaniwanga. Ndiyo. Kabla ya kufunga kompyuta nilifunga flashi yangu kwanza, kwa mazoezi. Printa ikatoa karatasi ya flashi. Baadaye nilipofunga kompyuta printa ikatoa karatasi ya pili. Nikaona tarakimu nyingi vilevile, nikadhani ni nakala ya ile ya kwanza, nikaiacha palepale kwenye printa.

Kwa hiyo kwa mwaka mzima fundi, Shangazi, mfuga nyuki na mabeki wa timu ya Injinia wamekuwa wakilinda ufunguo wa flashi. Na flashi yenyewe haina kitu. Injinia ameuliza iko wapi. Sijui iko wapi.

Kesho kutwa ni Jumamosi. Injinia amesema ni lazima Mama aambiwe, na atakayemwambia ni mimi.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimejipanga kumwambia kabla ya chai ya asubuhi. Nikaona si vizuri mtu apokee habari na tumbo tupu. Baada ya chai nikaona si vizuri kumharibia chai. Saa tano nikaona anasuka nywele. Saa saba akaniita yeye.

Spika alikuwepo, Injinia alikuwepo, wamekaa kama baraza. Nikasema Mama, naomba unisamehe. Nikasema kitabu kimefungiwa ndani, ufunguo umepotea, na mwenye makosa ni mimi, si kompyuta, si Injinia. Nilikuwa na sentensi nyingine nzuri tatu lakini machozi yaliziwahi. Sikujua kama ningeweza kulia mbele ya mkwe. Inawezekana.

Mama Mkwe akainuka, akaenda chumbani, akarudi na faili lake la vyeti. Akapitisha cheti chake cha ukunga, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya wanawe. Mwisho kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, karatasi. Tarakimu arobaini na nane! Pembeni ameandika kwa kalamu tarehe, saa, "imekutwa kwenye printa, haina mtu".

Akasema yeye miaka thelathini na minane hajawahi kuona kitu kimetoka chenye namba yake akakiacha bila kukisajili. Alidhani iko siku mwenyewe ataiulizia. Injinia akamuuliza kwa nini hakusema tangu Jumapili. Akasema aliuliza Jumapili, akajibiwa inapumzika. Na kazini kwake humlazimishi mtu kusukuma, unakaa karibu, unasubiri aseme mwenyewe kwamba uchungu umeanza. Kisha akanigeukia, bila ukali hata kidogo, akasema: mficha uchi hazai, mwanangu.

Injinia akalinganisha kitambulisho. Kinafanana! Akasoma, nikabonyeza kwa kidole cha kati kwa sababu cha shahada bado kimevimba. Kundi la nane likakubali. Bluu ikaondoka. Kikaja kitabu, ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili, na kile kijistari kinawaka na kuzima palepale alipokiacha.

Mama Mkwe akarudi ukurasa wa mwanzo, akaweka kidole kwenye majina, akashuka nayo hadi la kumi. Akalisema kwa sauti. Akalirudia. Spika akatoka nje ghafla. Mimi nilipiga chafya nyingi mfululizo ili nipate sababu ya kutoa leso.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Kitabu kimefika kwa mpiga chapa saa nne kasoro robo. Tulikuwa wanne. Mama Mkwe alikibeba mwenyewe, kwenye flashi ya Injinia, ndani ya pochi, pochi ndani ya mkoba, mkoba kifuani. Mpiga chapa akasema kitatoka baada ya wiki tano. Mama Mkwe akauliza kama herufi zinaweza kuwa kubwa kidogo kwa ajili ya rafiki zake. Akakubali.

Na ukurasa wa shukrani! Aliuandika jana usiku, hakutaka tuuone. Mpiga chapa aliufungua kwenye mashine yake nikausoma juu ya bega lake. Wa kwanza ni mimi! "Namshukuru kwanza mkwe wangu, ambaye kama si yeye nisingejua faida ya kutunza karatasi." Injinia ni wa pili. Wa pili!

Nimeusoma mara tatu. Ni maneno mazito. Ni kweli mimi ndiye niliyeleta mambo ya usalama katika ukoo huu. Injinia alikohoa mpaka ikabidi apewe maji, wivu ni kitu kibaya. Spika ameniambia nisome tena polepole. Nimesoma tena polepole. Bado ni wa kwanza.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Mama Mkwe ameanza kitabu cha pili asubuhi hii hii. Anasema cha kwanza kilikuwa cha waliozaliwa vizuri, hiki ni cha wale waliompa kazi. Ameshamaliza kurasa tatu. Hajawahi kuandika kwa kasi hiyo. Nimemsikia akicheka peke yake, kisha akataja jina moja polepole, kisha akaendelea. Ninafurahi sana kwa ajili yake.

Ndiyo maana sikupata raha. Nimefikiri. Ule ufunguo sasa unajulikana na Mama Mkwe, Injinia na Spika. Ufunguo wa watu watatu si ufunguo, ni tangazo. Alipokwenda kula nikaondoa usimbaji wote, nikasubiri umalizike, nikaisimba diski upya. Umetoka ufunguo mpya kabisa. Ile karatasi ya zamani nimeitoa kwenye plastiki yake nikaichana, maana haifungui kitu tena.

Mtu asiyejifunza kwa makosa ni mjinga, na mimi nimejifunza. Safari hii sikukata vipande, mafundi wana midomo. Sikuchapisha, karatasi zinaokotwa. Sikumpa Shangazi, ambaye mgeni wake anakuja kujitambulisha Jumamosi ijayo na mimi ndiye msemaji wa ukoo. Nimeupiga picha kwa simu. Kisha nikawaza, simu inaibiwa. Nikaihamisha picha kwenye kompyuta, nikaiweka katika folda moja na kitabu cha pili ili visitengane, na kwenye simu nikaifuta. Injinia amepita kuomba aweke nakala ya kurasa tatu kwenye flashi yake. Nimemkatalia kwa upole, kama mtu wa kwanza anavyomkatalia wa pili.

Mama Mkwe ameniuliza kama namba mpya nimeiandika mahali. Nimemwambia aondoe shaka, safari hii nimeiweka ndani ya kompyuta yenyewe, ambako mtu hawezi kuifikia mpaka awe na ufunguo. Ameacha kuandika. Ananitazama tangu wakati huo. Nadhani ni furaha.